"Wote Hawakuja" au "Si Wote Waliokuja"? Wazazi Tuwasaidie Watoto Katika Mantiki ya Hesabu



Ndugu wazazi, wengi wetu hapa Rumonge, na pwani yote ya Tanganyika mpaka Nyanza-Lac, tukiona mtoto ameleta alama ndogo za hesabu husema basi, huyu hana kichwa cha hesabu. Naomba leo tulitazame jambo hili kwa upande mwingine. Katika hesabu za sekondari kuna somo la mantiki. Ndani yake hakuna kujumlisha wala kugawanya. Mwanafunzi hupewa kauli, yaani sentensi ambayo ama ni kweli ama si kweli, kisha huambiwa aikanushe, au aiunganishe na nyingine kwa "na", kwa "au", kwa "ikiwa... basi". Ni somo la maneno, na watoto wetu wengi huangukia kwenye maneno hayo.

Chukua mfano huu. Kitabu kinasema kwa Kifaransa: "Tous les élèves ne sont pas venus." Mfaransa akisema hivyo, kwa kawaida anakusudia kwamba baadhi wamekuja na baadhi hawakuja. Sasa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani ataifasiri neno kwa neno: "Wanafunzi wote hawakuja." Kwetu sisi hapo darasa ni tupu, hakuna hata mmoja! Mtoto amefasiri kila neno sawasawa na maana yote imempotea. Mwalimu anampa sifuri, na mtoto hajui kosa lake liko wapi, kwa sababu kwa Kiswahili chake hakukosea.

Na Kiswahili kina njia safi ya kusema jambo hilo: "Si wanafunzi wote waliokuja." Ukanushi ukikaa mbele ya "wote" unauvunja huo uwote. Ukiingia ndani ya kitenzi, unakanusha kuja kwenyewe. Kwa mwenye hesabu, kauli "wote wamekuja" huvunjwa na mtu mmoja tu aliyebaki nyumbani. Mtoto akilishika hili kwa lugha ya mama yake, Kifaransa kitakuja kama nguo ya pili juu ya mwili ule ule.

Msidhani watoto wa Burundi ni dhaifu wa hesabu. Katika upimaji wa PASEC wa mwaka 2014, uliofanywa katika nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa, Burundi ilishika nafasi ya kwanza katika hesabu, kwa watoto wa madarasa ya mwanzo na kwa wale wa mwisho wa shule ya msingi pia. Wale wadogo walipimwa kwa Kirundi, lugha wanayoielewa. Wakubwa walipimwa kwa Kifaransa: hesabu zilibaki juu, lakini katika kusoma Burundi haikuongoza tena. Mantiki ni hesabu ya kusomwa, basi inamkuta mtoto pale pale alipo dhaifu.

Pwani yetu inalijua jambo hili vizuri. Waliokimbia mwaka 1972 walikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu huko Tanzania, na watoto na wajukuu wao wakasoma hisabati kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2008 zaidi ya watu 50,000 katika hao walirudi Burundi, na wengi asili yao ni huku kusini. Mtoto aliyezoea kusikia "sehemu", "mzingo" na "kipeo" akaketishwa mbele ya ubao wa Kifaransa. Hesabu hakuisahau njiani. Aliyafahamu mambo ambayo hakuwa na maneno ya kuyaeleza, akahesabiwa kuwa hajui kitu.

Na tukiwa tumeutaja mwaka 1972: hapa hapa kusini, kosa la baadhi lilihesabiwa kuwa kosa la wote, na watu wasio na idadi wakauawa kwa hesabu hiyo. Mzazi atakayeniambia kwamba tofauti ya "wote" na "baadhi" ni mchezo wa ubaoni tu, nitamwomba awaulize wazee wake.

Sasa, msaada tunao chuoni kwetu. Mtoto wa madrasa amekwisha fundishwa kuwa shahada ina nafyi na ithbati, kukanusha kwanza kisha kuthibitisha. Anajua pia yanayotengua udhu: usingizi mzito, au kutokwa na kitu kwenye njia mbili. Yakimpata yote mawili, je, udhu umebaki? Umetenguka vile vile. Hiyo ndiyo "au" ya hesabu, ambayo ni kweli hata pande zote mbili zikiwa kweli. Si ile "au" ya "chai au uji?", ambayo ukijibu "vyote" mama anakutazama.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kafara ya kiapo, iliyo katika Suratul Maida aya ya 89. Mwenye kuvunja kiapo alishe masikini 10, au awavishe, au amwache huru mtumwa. Asiyepata ndiyo afunge siku 3. Haya, nani anayeruhusiwa kufunga? Ni yule aliyeshindwa kulisha, na akashindwa kuvisha, na hana mtumwa wa kumwacha huru. "Au" ikikanushwa imegeuka "na"! Wangapi kati yetu tunakimbilia kufunga ilhali chakula cha kulisha tunacho? Masheikh wanalikemea hili kila siku.

Kinyume chake pia ni kweli. Mama akirudi sokoni akasema "Nimenunua ndagala na mawese", kumkosoa haihitaji kikapu kiwe kitupu. Kimoja tu kikikosekana, kauli yake si kweli. "Na" ikikanushwa inageuka "au". Wazungu huziita hizi kanuni za De Morgan, Mwingereza aliyezaliwa Madurai, India, mwaka 1806.

Kilicho kigumu kuliko vyote ni "ikiwa". Wavuvi wetu wa ndagala huvua usiku kwa taa, kwa hiyo ukiwa usiku wa mbalamwezi kali hawatoki. Asubuhi ukikuta hawakutoka, je, lazima ulikuwa usiku wa mbalamwezi? Hapana. Huenda ulikuwa upepo, huenda petroli ya injini ilikosekana, na tunajua inavyokosekana. Lakini ukikuta wametoka, hapo una hakika kuwa mbalamwezi kali haikuwepo. Mtoto wa mvuvi analijua hili kabla hajajua kuandika. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba hilo analolijua ndilo somo lenyewe.

Wapo wazazi wanaosema Kiswahili kinamchelewesha mtoto, na bora asikie Kifaransa tu nyumbani. Mimi sikubaliani nao kabisa. Kifaransa cha nyumbani kwa mzazi asiyekijua vizuri humpa mtoto maneno yaliyovunjika. Wapo na wanaosema mantiki ni ya wanafalsafa. Ni kweli Ibn Taymiyya aliwaandikia watu wa mantiki kitabu cha kuwapinga, lakini Imam Ghazali aliitanguliza mantiki mwanzoni mwa al-Mustasfa, kitabu chake cha usuli fiqhi. Khilafu yao haikuwa juu ya mtoto kujua maana ya "au".

Basi walimu wa madrasa watenge nusu saa kwa wiki, na sisi tuanze nyumbani usiku huu baada ya Isha. Mpe mtoto kauli hii: "Kila nyumba ya ufukweni ina mtu anayejua kuogelea." Mwambie aikanushe. Akisema "Hakuna nyumba yenye mtu anayejua kuogelea", mwache afikiri tena, usimpe jibu. Jibu ni: "Iko angalau nyumba moja ambayo ndani yake hakuna hata mmoja anayejua kuogelea." Akilipata kwa Kiswahili, alirudie kwa Kirundi, kisha aliandike kwa Kifaransa ampelekee mwalimu wake.

Wabillahi tawfiq.