Ndovu wa Hapa Nyumbani
Mtu wa Nyeri akitaka kuona wanyama hufunga safari hadi Maasai Mara, ilhali hifadhi ya Aberdare iko papo hapo mlangoni. Na alale usiku mmoja katika hoteli ya Ark iliyo humo, akiwa na sweta nzito, atazame ndovu wakichimbua udongo wa chumvi kwa pembe na kuutia kinywani kwa mkonga, nyati wakingoja zamu, tope hadi magotini. Wageni huulizia zaidi hoteli ya Treetops, alikolala Malkia Elizabeth wa Uingereza usiku wa Februari 1952 babake alipofariki. Mimi ningewaonyesha kwanza ua wa umeme unaozunguka Aberdare, wa takriban kilomita 400, uliokamilika 2009. Kabla yake ndovu hao walikuwa wakivamia mahindi ya wakulima. Shule za Tetu na Kieni, pelekeni watoto huko muhula huu.