Tifoide ya kila mwezi: tupime vizuri, tudai maji

Vijana wenzetu wa Kolwezi,

Kasulo, Musonoi, Kapata: ni jamaa gani haijaambiwa "muko na tifoide"? Kuna wenye kuambiwa vile kila mwezi. Wanalipa labo, wanalipa dawa, kisha wanarudia. Juu ya nini?

Tifoide inaletwa na mikrobe, Salmonella Typhi. Inatoka katika choo cha mutu mwenye kuwa nayo, inaingia katika maji ao chakula, inafika katika kinywa cha mwingine. Homa inapanda siku kwa siku, kichwa na tumbo vinauma, nguvu zinaisha. Isipotibiwa, kufikia juma la tatu matumbo yanaweza kutoboka, na hapo ni kupasuliwa ao kufa. Kinshasa iliona: mwisho wa 2004 na mwanzo wa 2005, wagonjwa walipita 42 000, watu 214 wakakufa.

Antibiotike zinaponesha. Lakini kipimo cha Widal, chenye labo nyingi zinatumia, kinaweza kusema "ndiyo" juu ya ugonjwa wa zamani ao mikrobe ingine. Kipimo cha kuaminia ni kile cha kuotesha mikrobe kutoka katika damu. Kwa hiyo, homa ikikushika, pima malaria mara moja. Ikipita siku tatu, ona munganga, uliza ni kipimo gani wanakufanyia, na umalize dawa yote. Vidonge vitatu vya barabarani vinafundisha mikrobe kushinda dawa.

Hata hivyo, ukipona leo na kesho unakunywa tena maji ya kisima kilicho karibu na choo, utaugua tena. Kuosha mikono na kuchemsha maji ni kazi yetu. Lakini makala iko bei, na mama hawezi kuchemsha maji ya jamaa nzima kila siku. Kuleta maji safi ni kazi ya Leta. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inatupatia haki ya maji ya kunywa. Na sheria ya migodi ya 2018 inapatia komini na sekta zenye migodi 15% ya ushuru wa madini yanayochimbwa kwao.

Basi tunauliza viongozi wa komini za Dilala na Manika: kutoka ile 15%, mulijenga bomba ngapi, vyoo ngapi, na viko kartiye gani? Mubandike hesabu kwenye ukuta wa komini, watu wote wasome. Na sisi vijana, tuulize swali hilo katika kila mkutano, mpaka tupate jibu lenye namba.