Kura yangu naipa kipa

Alhamisi, Januari 5, 2017, mjini Abuja, CAF ilikuwa imtangaze mchezaji bora wa mwaka 2016 kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Walikuwa wamebaki watatu: Denis Onyango, kipa wetu wa Uganda, Khama Billiat wa Zimbabwe, aliyekuwa akicheza naye Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na Rainford Kalaba, Mzambia wa TP Mazembe. Hapa Mvara kura ilishapigwa zamani bila sanduku. Lakini ukivuka mpaka na mzigo wako kwenda Ariwara, utakuta wenzetu Wakongo wana Kalaba wao, na hoja wanazo.

Hoja zenyewe si za kubezwa. Mazembe ilibeba Kombe la Shirikisho Novemba 2016 kwa kuichapa MO Béjaïa ya Algeria 4–1 mjini Lubumbashi. Tena wana neno linalouma zaidi: Sundowns walishatolewa na AS Vita ya Kinshasa katika Ligi ya Mabingwa, wakarudishwa mezani kwa sababu Vita ilimchezesha mtu asiyeruhusiwa ilipokutana na Mafunzo ya Zanzibar. Kwa Mkongo, hilo ni kombe la karatasi. Sawa. Lakini karatasi ilimrudisha Onyango mashindanoni tu, haikumdakia mpira hata mmoja. Katika mechi mbili za fainali dhidi ya Zamalek alifungwa bao moja, na kombe likaenda Pretoria kwa jumla ya 3–1.

Anayenipa tabu ni Billiat. Msimu wa 2015/16 Afrika Kusini walimpa yeye tuzo ya mwanasoka bora wa ligi, Onyango akapewa ya kipa bora. Mtu atauliza: kama wanaowaona kila wiki walimweka Billiat juu, sisi tunaotazama kwenye kibanda cha video Arua tunajua nini?

Tunajua kwamba tuzo ile ilikuwa ya ligi, na ligi iliisha kabla ya fainali ya Afrika kuchezwa. Tunajua pia namna makipa wanavyolipwa. Hutengewa kikombe chao pembeni, deni likahesabiwa limekwisha, kisha meza kubwa wanaachiwa wafungaji. Ulaya wamempa kipa mmoja tu Mpira wa Dhahabu, Lev Yashin, mwaka 1963. Katika tuzo hii hii ya mwaka 2015 Robert Kidiaba wa Mazembe alimaliza wa pili nyuma ya Mbwana Samatta. Samatta alistahili, kwa mabao yake 7 ya Ligi ya Mabingwa, na Afrika Mashariki nzima tulifurahi. Lakini mabao ni rahisi kuhesabu. Mpira uliotolewa nje kwa ncha ya vidole hauandikwi popote, kama vile daftari la duka lisivyoandika mali ambayo haikuibwa.

Sasa tazameni Cranes. Katika kufuzu kwa Kombe la Afrika, Uganda ilicheza mechi 6 ikafunga mabao 6 tu. Huo ni mtaji wa mchuuzi wa nyanya. Ukiwa na mtaji mdogo hivyo, hasara ya siku moja inakurudisha kijijini. Tulifungwa mabao 2 tu katika mechi zote sita, Comoro tukaipiga 1–0 kwao na 1–0 Namboole, na baada ya miaka 38 tukarudi fainali. Oktoba 2016 tukatoka 0–0 na Ghana kule Tamale katika mbio za Kombe la Dunia. Timu inayofunga kwa shida namna hii inabebwa na nani, kama si mtu wa golini na mabeki wake?

Zambia ya Kalaba haikufuzu. Zimbabwe ilifuzu, kwa hiyo hapo Billiat hashindwi, na ndiyo maana simweki mbali. Yeye alikuwa na timu ya klabu iliyomtengenezea nafasi kila wiki, na alizitumia vizuri sana. Onyango, akirudi nyumbani, alikuta timu ambayo kosa lake moja lingetosha kuimaliza.

Kwa hiyo Onyango wa kwanza, Billiat wa pili kwa pengo dogo, Kalaba wa tatu. Hilo la tatu nitalisema Ariwara nikishalipwa madeni yangu yote.