Bwawa la Nyuma ya Nyumba Katika Siku za Kipupwe



Masika yakisha kupita na upepo wa kusi ukashika nguvu, watu wa Morogoro huujua mwezi hata bila ya kutazama kalenda. Asubuhi kilele cha Lupanga hufichwa na ukungu, watoto waendao chuoni hujifunika kanga za mama zao, na maji ya kutilia udhu wa alfajiri huuma vidole. Hicho ndicho kipupwe, nacho hukaa tangu Juni hata Agosti. Hapa mjini joto la usiku katika mwezi wa Julai hushuka aghalabu mpaka kiasi cha nyuzi 15. Na juu milimani, kama kule Mgeta, baridi huwa kali zaidi.

Mwezi huu twataka kusema na wale ambao nyuma ya nyumba zao wana bwawa la samaki. Hii ni kazi ya halali na yenye baraka, nayo imeenea katika mkoa wetu. Pale Kingolwira kipo kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kinafundisha elimu yake. Wengine hufuga perege, ambaye kwao ni mito yetu hii ya Ruvu na Wami. Wengine hufuga sato, ambaye asili yake si mito hii. Na wengine hufuga kambale. Mwenye bwawa la mita 10 kwa mita 10 hupata kitoweo cha watoto wake, na akizidi kupata humwuzia jirani.

Lakini kila kipupwe kikiingia twasikia manung'uniko yale yale. Samaki hawali. Chakula chaelea juu mpaka jioni. Miezi yapita na samaki ni wale wale, hawaongezeki hata kidogo. Fedha za pumba na dagaa zinakwenda, wala hakuna kinachorudi. Hapo baba wa nyumba huvunjika moyo, na moyo ukivunjika huja makosa matatu: la kwanza ni kumpuuza samaki, la pili ni kumwuza kwa njia isiyofaa, na la tatu ni kumchukulia jirani maji yake. Twataka kuyaeleza yote matatu, moja baada ya jingine.

Kwanza yafaa tujue kwa nini samaki hali. Samaki si kama mbuzi wala kuku, ambao miili yao ina joto lake yenyewe. Mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo. Maji yakipoa, naye hupoa, na tumbo lake husaga chakula polepole. Wataalamu wasema kwamba perege na sato hustawi katika maji yenye joto la nyuzi 26 hata 30. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hamu yao ya kula hupungua sana, na kuzaa hukoma. Yakishuka mpaka kama nyuzi 11 yakadumu hivyo, huanza kufa. Kwetu Morogoro hatufiki huko, Alhamdulillahi. Samaki wetu hupumzika tu. Katika nchi za Ulaya baridi huzidi mpaka maji ya juu ya bwawa yakaganda, nao samaki wa huko, walioumbwa kwa baridi hiyo, hulala chini kabisa miezi mingi bila ya kulishwa, na katika majira ya joto huamka wazima. Hii ni hekima ya Muumba, aliyekipa kila kiumbe mwendo wake na wakati wake.

Basi mwenye bwawa asimshike samaki kwa nguvu ale. Aliyekuwa akitupa makopo mawili kwa siku, na atupe moja au pungufu yake. Asilishe asubuhi wakati maji yangali baridi. Na alishe baada ya sala ya adhuhuri, baina ya saa saba na saa tisa, jua likisha kuyapasha maji. Atupe kidogo, asimame, atazame. Kisichomalizika kwa muda wa robo saa ni ziada, na kesho apunguze. Chakula kisicholiwa huzama na kuoza, na kikioza hula ile hewa ya majini ambayo samaki huivuta. Dalili yake ni kuwaona samaki alfajiri wakitweta juu ya maji kwa midomo wazi. Ukiwaona hivyo, siku hiyo usilishe kabisa, uongeze maji mapya. Samadi nayo ipunguzwe, kwani katika baridi haiozi upesi. Hurundikana chini, na joto likirudi mwezi wa Septemba huoza yote kwa pamoja. Mwenyezi Mungu katika Suratul Aaraf ametuamuru kula na kunywa, akatukataza israfu. Kutupa chakula kwa kiumbe asiyekihitaji, kikaharibika na kumharibu na yeye, ni israfu pia.

Walakini kupunguza chakula si kuacha kutazama, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Akiona bwawa halimpi kitu, mtu huliacha wiki nzima bila ya kulifikia. Nyasi zikaota, tuta likatoboka, kenge na fisi maji wakapata mlango, na mdiria akawa ndiye mvuvi. Twamkumbusha mtu huyo ile hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, asimlishe, wala asimwache akajitafutia wadudu wa ardhini. Tulizingatie hilo neno la kumfungia. Samaki wa mto wa Ruvu, maji yakipoa au yakipungua, huhama akaenda penye kina. Samaki wa bwawa letu hana pa kwenda. Sisi ndio tuliomchimbia mipaka yake, basi haja zake zimekuwa juu yetu, katika miezi anayotuletea faida na katika miezi asiyotuletea. Amana haina likizo.

Kazi za miezi hii si nzito, na vijana walio katika likizo ya Juni wanaziweza. Na wapime kina kwa kijiti. Maji yasiwe chini ya mita moja, kwani maji haba hupoa upesi usiku. Na watie mkono ndani ya maji polepole: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwiko, ujue uchafu na ukijani umezidi. Na wakate nyasi, wazibe matundu ya tuta, wakague wavu wa mlango wa maji. Samaki wasisumbuliwe kwa kuvuliwa na kuhesabiwa kila mara, kwa sababu samaki aliyechubuka katika baridi hupatwa na ukungu mweupe kama pamba, na kidonda chake hukawia kupona. Na bwawa lililokwisha kuvuliwa, huu ndio wakati wake wa kulikausha, kulitoa tope na kulinyunyizia chokaa. Tope lile lisitupwe. Mboga za nyuma ya nyumba zitalipokea kwa furaha.

Tuje katika kosa la pili. Katika miezi hii mikavu ya mapato, ada ya shule yatakiwa, sukari imekwisha, na mchuuzi mwenye fedha mkononi huja akasema, "Niuzie samaki wote waliomo humu, nikupe fedha leo." Mwenye shida hukubali. Lakini ni samaki wangapi? Wana uzito gani? Wangapi wamekwisha liwa na fisi maji? Hajui muuzaji wala hajui mnunuzi. Mauzo ya namna hii wanavyuoni wetu wameyahesabu kuwa ni gharari, yaani biashara ya kubahatisha, kwa kuwa samaki aliye katika maji mengi haonekani wala hashikiki ila kwa taabu. Mmoja katika wawili lazima adhulumike, na mwisho wake ni ugomvi mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Sharia haikumfungia mlango mwenye haja. Ipo biashara ya salamu: mnunuzi hulipa thamani yote papo hapo, na muuzaji hujifunga kuleta samaki wa namna iliyotajwa, kwa kilo zilizotajwa, katika siku iliyotajwa. Na wayaandike, kama Kurani ilivyotuongoza katika Suratul Baqara juu ya deni la muda. Deni hilo limo katika dhima ya muuzaji; halikufungwa na samaki wa bwawa hili peke yake, naye akikosa kwake atafute kwingine alipe. Kwa hivyo asiahidi kilo 50 za mwezi wa Agosti ilhali ajua samaki wa kipupwe hakui. Na bora kuliko yote ni kupanga mapema. Mwenye kupandikiza vifaranga Septemba au Oktoba hupata miezi yote ya joto mbele yake, naye huvua kabla ya Juni kuingia. Mwenye kupandikiza Aprili huikuta baridi katikati ya safari. Hesabu hii ndogo yaweza kuiokoa nyumba na madeni.

La tatu ndilo zito, kwa sababu lamhusu jirani. Kipupwe chetu ni baridi, na pia ni ukavu. Mvua zimekatika, na vijito viteremkavyo kutoka Uluguru huanza kukonda. Mwenye bwawa huona maji yashuka kwa shibiri, akaingiwa na hofu. Usiku akaenda na jembe, akaziba kijito kwa mawe na migomba, maji yote yakaingia kwake. Asubuhi mama wa bondeni aja na ndoo yake, akuta tope tupu, na bustani ya mchicha imenyauka. Huyu ameokoa samaki mia mbili, akamdhulumu mtu.

Abu Daud ameipokea hadithi ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba Waislamu ni washirika katika vitu vitatu, na kimoja kilichotajwa ni maji. Na Zubeir bin Awwam, aliyekuwa mtoto wa shangazi yake Mtume, aligombana na mtu wa Madina juu ya mifereji ya kunyweshea mitende, na shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume (S.A.W.) alimwambia Zubeir anyweshe, kisha ayaache maji yende kwa jirani yake. Tazama, ewe msomaji: aliye juu ana haki ya kutangulia, lakini hana haki ya kuzuia. Na katika milima yetu kila mtu yu juu ya mwenziwe. Maji yapitayo nyuma ya nyumba za Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha sehemu kubwa ya mji wa Dar es Salaam.

Sheria ya nchi nayo yaelekea huko huko. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yamtaka anayegeuza maji ya mto au kijito awe na kibali, na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi yake hapa Morogoro, ndiyo ya kuulizwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Kwa hiyo anayetaka kuchimba na aulize kwanza. Na wenye mabwawa juu ya kijito kimoja na wakae pamoja wapeane zamu, huyu siku zake na yule siku zake, na maji ya kunywa na ya kupikia yasikatwe siku yoyote. Mwenye maji haba apunguze samaki wake, avue wakubwa ale na jamaa zake, kuliko kuongeza maji ya dhuluma.

Mwenye shaka juu ya ufugaji na amwendee bwana samaki wa wilaya, au aende maonyesho ya Nane Nane katika viwanja vya Mwalimu Nyerere hapa mjini, ambayo huangukia mwishoni mwa kipupwe. Kuuliza si aibu.

Nanyi vijana, mshikapo zamu ya bwawa kwa baba zenu, msiione kuwa ni kazi ya bure kwa sababu hamwoni samaki akinenepa. Mtu kumtunza ng'ombe anayetoa maziwa si ajabu, kwani tumbo lake lamwita. Uaminifu hujulikana kwa kile kisichotoa kitu leo. Huyo samaki aliyetulia chini ya maji baridi hawezi kulia wala kushitaki. Lakini Mola wake amwona, na aona mkono uliomfikia na mkono uliomsahau. Septemba itakuja, jua litapata nguvu, na samaki watapanda juu wenyewe kutaka chakula. Na wawakute mngalipo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wema wa tulivyokabidhiwa, atubarikie maji yetu na majirani zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.