Ethiopia: Nani analipa mwalimu wa seminari?

Mwaka 2013 kanisa la Kilutheri la Ethiopia, Mekane Yesus, lilikata uhusiano na Walutheri wa Uswidi (wazee wao waliwaleteaga Injili!) na wa ELCA ya Marekani, juu ya ndoa za watu wa jinsia moja. Lakini seminari ya Addis Ababa ilihitaji walimu bado. Njo pale Missouri Synod, kanisa lingine la Marekani, lilisogea karibu, likatuma wamisionari kufundisha.

Mmisionari wa namna hii anazunguka kwanza parokia za kwao kutafuta wafadhili. Seminari inapumua, ni kweli. Ila wafadhili wakichoka, anafunga mizigo, na darasa linaweza kubaki bila mwalimu. Kanisa la waamini zaidi ya milioni 10 liweke mishahara ya walimu wake mbele ya majengo.