Deni Lililokwisha Kulipwa



Mwezi huu tulitazame neno tulilolizoea kanisani: ukombozi. Hapa Kansay neno hili si geni. Mtu aliyeweka shamba rehani wakati wa njaa hulikomboa siku apatapo fedha. Deni likishalipwa, mkopeshaji hana haki tena ya kulima pale.

Kule pwani waliokombolewa walikuwa watu. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Waliwanunua watumwa ili wawaweke huru, wakawajengea kijiji. Aliyelipiwa, bwana wake wa jana hakuwa na dai juu yake.

Mtume Petro atufundisha kwamba sisi nasi tumekombolewa, tena si kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya Kristo (1 Petro 1:18-19).

Mbona basi baadhi yetu bado tunalipa? Katika kazi yangu ya uuguzi huwasikia akina mama waliojifungua mtoto mfu wakiuliza, "Nesi, ni dhambi gani ninayolipizwa?" Mila za zamani za Wairaqw zilimtenga mama aliyeharibikiwa mimba, kwa hofu kwamba mkosi wake ungewapata wengine. Leo wengi tumebatizwa, lakini minong'ono ya bombani haijaisha. Mama hujificha ndani, hata akiwa na homa.

Dada yangu, mimba huharibika kwa malaria, kaswende au shinikizo la damu. Mtoto hufa kwa uchungu uliochukua muda mrefu mno. Mara nyingine sababu haionekani. Wanafunzi walipouliza ni dhambi ya nani iliyomfanya mtu azaliwe kipofu, Yesu alijibu kwamba si yake wala ya wazazi wake (Yohana 9:1-3). Na kama ipo dhambi inayokusumbua, itubu. Mungu hadai deni moja mara mbili, wala hachukui kichanga kuwa malipo.

Basi jirani akifiwa na mtoto, mwendee siku hiyo hiyo. Mpelekee uji, kaa naye, mwache alie. Akiwa na homa, akitokwa na damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya, msindikize zahanati bila kungoja kesho. Na kabla ya mimba nyingine, yeye na mumewe wakapimwe.

Tafakari: Je, yuko mama kijijini kwako ambaye ulimi wako bado unamdai deni alilokwisha kulipa Kristo?