Saio si jina la mtaa tu

Muulize kijana wa mtaa wa Saio, hapa Bunia, jina hilo linatoka wapi. Wengi watakosa jibu. Saio ni mji wa Ethiopia. Huko, Julai 1941, jenerali Pietro Gazzera wa Italia alisalimu amri mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Mbelgiji, lililokuwa limekwisha kuteka Asosa na Gambela. Wazee wetu walifika kule kupitia Sudan, pamoja na wapagazi waliobeba risasi na chakula.

Heshima ilichelewa. Juni 2022, mjini Kinshasa, mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani Mzee Albert Kunyuku, koplo wa Vita ya Pili ya Dunia, akiwa na miaka 100. Wenzake karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Kwenye matanga tunasikia: "Mzee alipigana vita." Vita gani? Alirudi na nini? Kimya. Hapa Ituri, picha na karatasi za familia nyingi ziliungua pamoja na nyumba, au zilibaki nyuma watu walipokimbia.

Askari wa 1941 hatutawapata tena. Lakini watoto wao, waliosikia habari hizo kando ya moto, wangali hai, nao wamezeeka. Wiki hii, keti na mmoja wao, washa simu, rekodi sauti yake, kisha mtumie ndugu aliye mbali naye aitunze. Na meya wa mji aweke kibao pale Saio. Mzee asiyeandikwa huzikwa mara mbili.